Nasomea ushirika Moshi, nataka kuwa mwanadiplomasia: je, nimepotea njia?

"Shikamoo balozi. Mimi ni binti wa miaka 22, niko mwaka wa pili chuo kikuu hapa Moshi, nasomea usimamizi wa ushirika. Tangu sekondari ndoto yangu ni kuwa mwanadiplomasia. Chuoni ni mwenyekiti wa klabu ya midahalo, na mwaka jana nilikuwa mwakilishi wa darasa. Wenzangu wananicheka, wanasema kazi hiyo ni ya waliosoma uhusiano wa kimataifa Dar au Dodoma. Baba anaendesha Costa ya Moshi–Arusha, na yeye anasema ubalozi ni kazi ya watoto wa wakubwa. Wastani wangu ni 3.7, ila Kiingereza changu ni cha kuungaunga na Kifaransa sijui hata salamu. Je, niache kozi nianze upya? Na haya ninayofanya chuoni yana maana yoyote, au najipotezea muda?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe kwenye kosa dogo: mimi si balozi na sijawahi kuwa. Nilikuwa afisa mambo ya nje kwa miaka 27, nikastaafu, nikarudi Arusha kwenye migomba yangu. Hapa mtaani wananiita balozi, na mgeni akisikia hajui kama ni wa nchi au wa nyumba kumi. Sikatai sana. Wa nyumba kumi ndiye anayefanya kazi iliyo karibu na ile niliyoifanya: anasikiliza pande mbili, anaandika barua, anatunza siri za watu, na akikosea neno moja ugomvi unaanza upya.

Nakusahihisha kwa sababu wasiwasi wako na wa baba unatoka hapo hapo, kwenye kuchanganya balozi na ubalozi. Balozi huteuliwa na Rais. Anaweza kuwa profesa, mwanajeshi mstaafu, mwanasiasa, au afisa aliyekulia wizarani. Huko juu baba hajakosea sana akisema anaona majina yale yale. Lakini nyuma ya balozi mmoja kuna maafisa wanaoandaa kila karatasi anayoisoma, na hao huingia kama watumishi wengine wa umma: tangazo la Sekretarieti ya Ajira, maombi kwenye mfumo, usaili wa mchujo wa kuandika, kisha mahojiano. Sitakuambia kwamba nchi hii haina kubebana, ungenicheka. Ila kwenye chumba cha mchujo unakaa na karatasi na kalamu, na baba wa mtu yeyote amebaki nje ya geti.

La kukukatisha tamaa kidogo ni jingine: nafasi ni chache, matangazo hayatoki kila mwaka, na wapo wenye sifa zote waliokosa. Panga maisha yako ukilijua hilo.

Sasa hilo la shahada. Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007, alisomea sheria. Anna Tibaijuka, aliyeongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kule Nairobi, ni mchumi wa kilimo. Getrude Mongella, aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995, alisomea ualimu. Jakaya Kikwete, waziri wa mambo ya nje kwa miaka 10, alisomea uchumi. Na Salim Ahmed Salim alipelekwa kuwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, umri wako huo huo. Huyo usimwige, nchi ilikuwa changa na wasomi walihesabika, mlango ule ulishafungwa. Namtaja ili uone kwamba hakuna shahada moja inayozaa wanadiplomasia. Anayesoma uhusiano wa kimataifa anakutangulia kwenye istilahi, historia ya mikataba na nadharia. Hayo unaweza kuyafidia kwa kusoma. Yeye kuna kitu chako atakachopata shida kukifidia, nitakifikia.

Kazi yenyewe ni ipi? Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unaitaja kwa mafungu matano: kuiwakilisha nchi yako, kulinda maslahi yake na ya raia wake, kujadiliana na serikali ya nchi uliyopo, kujua hali ya huko kwa njia zote halali na kuiripoti nyumbani, na kukuza urafiki pamoja na uhusiano wa uchumi, utamaduni na sayansi. Watu hushika la kwanza, la bendera kwenye gari. Siku zangu nyingi ziliishia kwenye la pili na la nne. La pili maana yake ni mama anayepiga simu saa nane usiku kwamba mwanawe kakamatwa uwanja wa ndege. Ni maiti iliyokwama mochwari ya ugenini kwa sababu jina la kwenye pasipoti limepishana herufi moja na la kwenye hati ya kifo. La nne maana yake ni kuandika, kila siku, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo.

Hapo kwenye kuandika nikuambie aibu yangu. Nilipokuwa mgeni kituoni, nilitumwa kwenda kusikiliza jibu la afisa wa nchi ile kuhusu ombi letu moja la biashara. Akasema kwa upole mwingi: ombi lenu tumelisikia, tunalizingatia. Nikarudi mbio, nikaandika nyumbani kwamba ombi limepokelewa vizuri. Nyumbani wakaelewa mambo yameiva. Mmoja akamwambia mkubwa wake, mkubwa akalisema hadharani, na wiki tatu baadaye ubalozi ukaulizwa nani aliyetoa ahadi hiyo. Hakuna aliyeahidi. Mkuu wangu hakunifokea. Alinirudishia karatasi yangu, neno "vizuri" amelipigia mstari, na pembeni ameandika: alilisema yeye au umelisema wewe?

Katika lugha ya mikutano, "kikao kimezingatia" na "kikao kimeridhia" ni mbingu na ardhi. La kwanza maana yake tumesikia, tusiulizwe zaidi. La pili maana yake tumejifunga. Mtu anaweza kukaa hadi usiku wa manane akibishania neno moja kati ya hayo, na mtazamaji wa televisheni akaona ni upuuzi. Kwenye mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hapa Arusha, wataalamu hukaa kwanza, wanafuata makatibu wakuu, ndipo mawaziri. Waziri anapotia saini mbele ya kamera, sentensi zake zimeshapigwa msasa na watu ambao hutawaona kwenye picha. Ukiingia kazini, kwa miaka mingi utakuwa mmoja wa hao.

Ndiyo maana sifa yako ya kwanza, uenyekiti wa midahalo, ndiyo inayonitia wasiwasi. Usiivue, imekutoa woga na imekufundisha kupanga hoja papo kwa papo. Lakini mdahalo unakuzoesha ushindi. Kuna jaji, kuna pointi, na uliyemshinda mnaachana naye. Jumuiya ina nchi wanachama 8, na wakuu wa nchi hupitisha maamuzi kwa maafikiano. Hakuna kura ya watano kuwashinda watatu. Uliyemwaibisha leo kwa hoja tamu, kesho unamhitaji akubali, na keshokutwa mtakutana kwenye foleni ya chai. Nimewaona vijana wenye ndimi kali waliofika wizarani wakadhani kila mkutano ni fainali. Hawakudumu.

Kipindi chako cha uwakilishi wa darasa, ambacho umekitaja kama kwa bahati mbaya, kina uzito mara tatu ya huo uenyekiti. Kumbuka siku mliyotaka jaribio lisogezwe. Mhadhiri hataki, nusu ya darasa wanataka, nusu wameshasoma na wanataka liishe, ratiba ya ukumbi imebana, na wewe huna mamlaka ya kumwamuru yeyote. Ulifanyaje? Kama uliingia ofisini kwake na ombi moja tu, akakataa, ukatoka, basi ulikuwa tarishi. Kama ulianza kwa kujua kinachomzuia (huenda ni tarehe ya kuwasilisha alama, wala si ukali), ukaenda na njia mbili tatu, ukampa namna ya kukubali bila kuonekana amesukumwa, na ukarudi darasani kuwaeleza waliokosa kwa nini wamekosa, basi umeshafanya majadiliano ya kweli. Sehemu ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Mjumbe hujadiliana mara mbili: na wale wa upande wa pili, halafu na waliomtuma.

Na wapo ambao hawakuja kabisa kwenye mkutano wa darasa lakini siku ya jaribio wakagoma. Hao uwakumbuke. Nikiwa afisa wa chini kabisa nilibeba makaratasi kwenye mazungumzo ya amani ya Burundi, pale AICC, kituo cha mikutano cha hapa Arusha. Yalianza Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere. Alipofariki Oktoba 1999 akapokea Nelson Mandela. Mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000, Rais Bill Clinton wa Marekani akishuhudia. Mezani palikuwa na pande 19. Baadhi zilisaini huku zikiweka pingamizi kwenye baadhi ya mambo, na vikundi vikubwa viwili vyenye silaha havikuwa mezani. Mji ulishangilia, lakini kule Burundi risasi hazikunyamaza siku ile. Kimoja cha vikundi hivyo, CNDD-FDD, kiliafikiana na serikali mwaka 2003, na wengine walichukua muda zaidi. Tangu hapo, nikiingia kikao chochote, hata cha harusi, huanza kwa kuhesabu viti vitupu.

Sasa nifike kwenye hicho kitu chako. Umesema unasomea ushirika kama mtu anayekiri kosa. Angalia kahawa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kahawa, kakao, mbao na bidhaa nyingine chache zinazoingia soko lao zithibitishwe kuwa hazikutoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na kila shamba lioneshwe lilipo kwa vipimo vya ramani. Utekelezaji wake umesogezwa mbele, ila sheria ipo. Sasa fikiria mzee wa Kibosho mwenye kihamba cha nusu ekari, kahawa chini ya migomba, aliyekirithi kwa baba yake na hana hati. Kahawa yake inachanganywa na ya wenzake mia kwenye ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Nani anayetakiwa kupigiwa ramani: yeye, AMCOS, au wilaya? Gharama ya nani? Wakati wa kujadili na watu wa Brussels, mezani anahitajika mtu anayejua kwamba neno "shamba" kwenye sheria yao halifanani na kihamba. Aliyesoma nadharia tupu atasema "wakulima wadogo" na kunyamaza. Wewe, kama mafunzo yako kwa vitendo uliyafanya kweli na hukuishia kugongewa mhuri, unaweza kueleza kilo ya kahawa inavyotoka mtini hadi mnadani Moshi, nani anakata nini njiani, na kwa nini mkutano mkuu wa wanachama unaweza kukataa jambo ambalo bodi imeshakubali.

Hii ndiyo inayoitwa diplomasia ya uchumi, ambayo Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001 iliiweka mbele. Shirika la Kimataifa la Kahawa, lililoundwa mwaka 1963 na lenye makao London, Tanzania ni mwanachama wake. Wachaga walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu 1933, wakihangaikia bei inayopangwa na watu wasiowajua. Nawe unasoma mlangoni pao halafu unaniuliza kama umepotea.

Kwa hiyo mwaka huu fanya hivi. Omba mafunzo kwa vitendo kwenye AMCOS inayouza kahawa nje, na ukiwa huko omba kazi ambayo kila mtu anaikwepa: kuandika muhtasari wa kikao. Kwenye klabu yako pia, mwachie mwingine uenyekiti utakapoisha na ugombee ukatibu. Andika nani alisema nini, nini kimeamuliwa, nani atatekeleza, lini. Kisha andika ukurasa mmoja wa pili, wako binafsi, kwa muundo wa dokezo sabili la serikalini: suala ni lipi, limetoka wapi, hoja ni zipi, unapendekeza nini. Kila sifa uliyoiweka ("vizuri", "kwa kauli moja", "kwa hasira") ijaribu kwa swali la mkuu wangu.

Kiingereza cha kuungaunga kinatibika, usikionee aibu, na lafudhi ya Kichaga haijawahi kumfukuzisha mtu kazi. Kinachoumiza ni kuandika sentensi isiyo na uhakika. Chukua taarifa rasmi ya kikao cha Jumuiya, aya mbili tu. Zitafsiri kwa Kiswahili safi. Kesho yake, bila kuangalia ya asili, rudisha kwa Kiingereza, kisha linganisha. Utaona mwenyewe maneno yanayokuponyoka. Zoezi hilo linakulea kotekote, kwa sababu Kiswahili nacho ni mtaji: SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikifanya lugha rasmi mwaka 2019 na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Kifaransa ndicho nitakachokusisitizia kuliko vyote. Burundi, Rwanda na Kongo wamo kwenye Jumuiya yetu, na nilishuhudia maafisa wetu wazuri wakikaa kimya kwenye meza ya chakula, mahali ambapo habari zote zilikuwa zinazungumzwa. Alliance Française ipo hapa Arusha. Kama nauli na ada ni mzigo, anza na redio na kamusi, na mtafute mwanafunzi Mrundi au Mkongo mbadilishane masomo.

Kuhusu kuacha kozi: sikushauri. Ukianza upya unapoteza miaka miwili na wastani ambao tayari ni daraja la pili la juu; wajibu wako wa kwanza ni kutouacha ushuke chini ya 3.5. Maliza. Baada ya hapo nakuona na njia mbili za maana. Moja ni stashahada ya uzamili pale Chuo cha Diplomasia Kurasini, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji na ambacho sasa kina jina la Salim Ahmed Salim. Ni njia nyoofu na utasoma pamoja na watu watakaokuwa wenzako kazini, lakini ina ada na haina hati ya ajira mwishoni. Ya pili ni kuingia kupitia kilimo, biashara au ushirika: wizara ya kisekta, bodi ya zao, chama kikuu. Ni ndefu na haina sifa mtaani. Lakini kwenye majadiliano ya Jumuiya au ya Ulaya, wizara hizo hupeleka watu wao, na mtu anaweza kukaa meza za kimataifa miaka 20 bila kuitwa mwanadiplomasia hata siku moja. Ningekuwa wewe ningechagua ya pili kwanza, nikafanya kazi miaka mitatu, ndipo niende Kurasini nikijua ninachokifuata. Rafiki yangu mmoja, naye mstaafu, anasema nakupotosha, uende Kurasini moja kwa moja kabla familia na majukumu havijakubana. Ana hoja, hasa kwa binti. Uhamisho kila baada ya miaka michache ni mtihani kwa ndoa na watoto, na wanawake ndio huulizwa watafanyaje.

Ajira za sekretarieti ya Jumuiya usizikodolee macho sasa. Nafasi hugawanywa kwa kuzingatia nchi wanachama, na nyingi zinataka uzoefu wa miaka kadhaa. Mafunzo ya muda mfupi kwa wahitimu kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, au kwenye taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, kule Lakilaki hapa Arusha, yanafaa. Ila soma masharti kwanza: ya Umoja wa Mataifa kwa kawaida hayalipwi, na chumba cha Arusha kina kodi.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyatibu. Kama unawaza kweli kuahirisha au kubadilisha kozi, nenda ana kwa ana kwa mshauri wa wanafunzi na kwa afisa mikopo wa chuo kabla ya kusaini fomu yoyote. Ukikatiza mkopo kwa papara, kuurudisha ni safari. Kila tangazo la kazi lisome lilivyoandikwa, usitegemee ya kuambiwa, hata na mimi, maana vigezo hubadilika. Na atakapotokea mtu, maana atatokea, akakuambia ana mjomba wizarani na anahitaji "kitu kidogo" akupitishie jina, usibishane naye wala usilipe. Nenda ofisi ya TAKUKURU iliyo karibu au piga 113.

Jingine unaweza kulifanya mwezi huu. Mahakama ya Afrika, Mahakama ya Jumuiya na Bunge la Afrika Mashariki, yakiwa na vikao vya wazi hapa Arusha, huruhusu watu kusikiliza. Tafuta tarehe, vaa nguo ya heshima, beba kitambulisho na daftari, panda na baba gari ya alfajiri. Sikiliza kesi moja au hoja moja tu, asubuhi nzima. Jioni mkirudi, kabla hamjafika Boma Ng'ombe, mweleze baba ulichokisikia, na umwache aulize maswali. Pale atakapouliza ukakosa jibu, andika.